Pono wa Chambo

Niliinamia sanduku la kioo la kutazamia chini ya maji nikamwona pono wetu wa chambo, buluu na kijani, tuliyemfunga uzi ili awavute wenzake wavuni. Jike mwekundu alimsogelea taratibu. Halafu wakasuguana pua.

Huku kwetu kisiwani Molokai kila mvuvi amefundishwa na babu yake: pono wakisuguana pua mbele yako, mkeo yuko na mtu nyumbani. Unakunja wavu, unarudi.

Nilicheka. Kaka yangu Kaleo alikuwa nyuma ya mtumbwi, ameshika kasia.

"Kaka, njoo uone mabusu. Leo shemeji yako ana mgeni."

Nilijua atacheka. Yeye ndiye huyaita mambo hayo porojo za wazee waliokosa televisheni.

Hakucheka. Kasia lilisimama hewani, likamdondoshea maji pajani, tone baada ya tone, wala hakujifuta.

"Samaki bado hatujapata," alisema. "Tukae mpaka mchana."

"Nakutania tu, bwana."

"Najua. Lakini usirudi saa hizi, mdogo wangu."

Sikuwa nimesema narudi.

Ni yeye aliyekuwa akiniamsha kila Jumamosi alfajiri, eti pono wamejaa mwambani. Na kila Jumamosi wavu ulipanda mtupu, naye hakulalamika hata mara moja.

Chini yetu chambo alikuwa akizunguka mwisho wa uzi wake, mzima, mzuri, akiwangoja wenzake.

Nilichomoa kisu nikaukata uzi. Kisu sikukirudisha alani.

"Piga kasia," nikamwambia Kaleo.