Mkono wa Fundi Shekue

Siku hizi hapa Tanga, marehemu aliyekuwa na duka huruhusiwa kuacha sauti yake nyumbani, ikaongea na watu wake, maadamu maandishi ya duka lake bado yanasomeka ukutani. Kuyapaka rangi upya ni marufuku.

Fundi Shekue, mshona kanzu, maandishi yake aliyachora kwa mkono wake mwenyewe. Mvua za vuli zilipoyafuta nusu, ile sauti jikoni nayo ikaanza kukatikakatika. Basi mjane wake, Bi Mwantumu, akatoka alfajiri na brashi. Herufi zilizobaki kivuli alizifuatisha. Zilizopotea kabisa akaziandika anavyoandika yeye.

Asubuhi mkaguzi wa mji alipita, akasoma, akaenda zake.

Bi Mwantumu akamimina vikombe viwili, kama kawaida. "Baba Zuhura, chai tayari."

"Kunywa kabla haijapoa," sauti ikajibu, safi kabisa. "Mimi sipashi chai mara mbili."

Kwa miaka arobaini maneno hayo yalikuwa yake yeye, akimwambia mumewe kila asubuhi.

Bi Mwantumu aliitazama rangi iliyokaukia kwenye kucha zake. Kisha akavuta kigoda, akanywa upesi.