Kitanda cha Mwenye Shida Kubwa

Kinyozi alifika wa kwanza, kama kawaida yake, na kama kawaida yake alifika mikono mitupu. Mahujaji wengine walipoingia, migongo imepinda na mvua ikiwachuruzika hadi masikioni, walimkuta ameketi barazani, mkavu kabisa, akiwakaribisha utadhani nyumba ni yake. Mwenye nyumba alipomuuliza mzigo wake uko wapi, alijibu kwamba unakuja nyuma.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, muuguzi mstaafu, na aliwapokea bure wote waliokuwa wakienda kwa miguu kuomba huko kilimani. Alikuwa na sebule ya kulala watu kwenye mikeka, yenye paa lililovuja pembe mbili, na kitanda kimoja tu. Lakini kitanda chenyewe sasa! Godoro nene, blanketi mbili, chumba kinachopakana na jiko, joto lake usiseme.

Kitanda hicho hakikuwa cha mkubwa wala cha aliyewahi. Kila jioni baada ya kula, wageni walikaa duara, kila mmoja akaeleza ni shida gani anayoipeleka kilimani, na mwenye shida kubwa kuliko wote akapewa kitanda. Mama wa watu aliamini amebuni njia ya huruma. Kumbe alikuwa amebuni mashindano.

Basi jioni ile watu walijililia, we acha tu. Mwalimu alieleza mgongo wake, akaona haujagusa mtu, akaongeza figo. Fundi cherehani alisema mumewe amemkimbia, na alipoona wenzake wanapiga miayo, akamkimbiza na dada mtu. Muuza vyombo aliinua suruali kuonyesha goti. Alisema goti lilimuuma kiasi kwamba huko njiani alimpita bibi kizee aliyeelemewa na mizigo, na hakuweza hata kumpokea kifurushi kimoja. Wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Walilisikitikia goti.

Ikafika zamu ya kinyozi. Huyu hakuwa na shida yoyote. Kazi yake ilikwenda vizuri, afya yake ilikuwa ya farasi, hata jino halijawahi kumsumbua. Alitazama juu, akaona tone linajikusanya kwenye dari, likaanguka katikati ya mkeka uliobaki. Akainamisha kichwa.

"Mama yangu hatunaye tena," alisema. "Safari hii tuliianza wote. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, tangulia mwanangu, usinisubiri."

Mwalimu alivua miwani na kusahau figo. Fundi cherehani alilia kwa sauti, na safari hii alilia kweli. Muuza vyombo alishusha suruali yake taratibu, kama mtu aliyeshindwa kihalali. Mwenye nyumba aliinuka akaenda kutandika shuka safi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akarudi na sahani ya chakula aliyokuwa ameifunika kando kwa ajili ya mgeni atakayechelewa, akampa mfiwa. Mfiwa alikataa mara moja, kwa adabu, halafu akala yote. Muda si mrefu alikuwa anakoroma, na kule sebuleni watu wakaambiana kwa kunong'ona kwamba uchungu huchosha kuliko safari.

Walikuwa bado wanagombea pembe zisizovuja mlango ulipogongwa. Aliingia bibi kizee, amelowa chapachapa, begi moja kichwani na jingine mgongoni, anatweta. Muuza vyombo alimtazama mara moja tu, akageukia ukutani na kuanza kulikanda goti lake.

Mwenye nyumba alijisikia vibaya mno. Chakula kimeliwa, kitanda kimeshatolewa, na mtu mwenyewe wa umri huo. Alimtua mizigo, akamsogezea kiti, akaagiza maji yachemshwe. Kisha, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, akamuuliza naye anapeleka shida gani kilimani.

Bibi alicheka. Alisema yeye hana shida, anakwenda kushukuru tu. Mungu alimpa mtoto mmoja, lakini alimpa mtoto mwenye moyo.

Mwenye nyumba machozi yakamlenga. Akageuka amtafutie walau mkeka mkavu, lakini bibi akamshika mkono.

"Usijisumbue, binti yangu," alisema, huku akiinama kuvua viatu. "Kijana wangu yule kinyozi alitangulia kunitafutia kitanda."