Alama ya Hina

Nilipoinua bamba la kupozea la kompyuta ya ofisi, nilisogeza taa karibu.

Mezani nilikuwa nimeweka vipande viwili vya mpira wa kupitisha joto, kimoja chembamba na kingine kinene, nichague kitakachojaza nafasi kati ya bamba na prosesa, ubongo wa kompyuta. Sikuchagua. Kipande cha zamani kilichokuwa ndani bado kilikuwa na nailoni yake, ile inayobanduliwa kabla ya kubandika. Ndiyo maana kompyuta ilichemka mpaka ikajizima.

Asubuhi nilimwambia meneja wetu hapa kambini Hagadera kwamba Yakub, msaidizi wangu anayelala hapa ofisini, ndiye aliyeiharibu.

"Wallahi, Mama, sijaifungua," Yakub alisema.

"Basi imefunguliwa na mbuzi?" nilimjibu.

Ofisi nzima ilicheka. Akafutwa kazi.

Sasa, juu ya nailoni, niliona alama ya kidole gumba, nyekundu ya hina. Mkesha wa Idi niliitengeneza mashine hii mwenyewe, mbiombio, hina ikiwa bado mbichi vidoleni.

Nje Yakub alikuwa akipakia godoro lake kwenye mkokoteni wa punda.

"Mama, umeona kosa?" meneja aliuliza.

Nilikunja ngumi, kidole gumba ndani. Kisha nikaenda dirishani.

"Yakub! Teremsha hilo godoro."