Fahali wa Jukwaani

"Tangu nizaliwe sijakosa oratorio hata moja," alisema Jasper Tolley. Na kweli hakuwahi kuikosa, maana hakuwahi kuitafuta.

Alikuwa sebuleni kwa Mzee Wragge, fundi wa mawigi pale London, kikombe cha chai mkononi, roho juu. Alikuja kumposa Lettice. Mzee alikuwa na sharti moja tu: hamwozi binti yake kwa mwanamume ambaye jana, Jumatano ya Kwaresima, hakwenda kusikiliza oratorio mpya, ule muziki mrefu wa waimbaji na ala, ya Jupita, yule mungu wa radi aliyejigeuza fahali kwa ajili ya msichana.

Jana Jasper alishinda kwenye mapambano ya majogoo.

"Enhe, kijana. Fahali ulimwonaje?"

Jasper akapiga funda la chai. "Dume hasa, mzee. Walimpandisha jukwaani na pembe zake."

Lettice, aliyekuwa akimimina chai, akaimwaga kwenye sahani. Jasper akajua amekwisha.

"Pembe za dhahabu!" Mzee akajipiga goti. "Mimi nilikaa mbele kabisa. Alinipumulia usoni!"

Jasper akafufuka. "Na alivyoimba!"

"Usiseme! Wigi langu lilihama kichwani!"

"Halafu akala maua ya mke wa jaji."

"Akayamaliza! Mkia nao ukamzaba mpiga fidla!"

"Ajabu hamkuonana," Lettice alisema taratibu. "Na ukumbi wenyewe ule mdogo."

"Umati, mwanangu! Watu walipandana!"

"Mimi nilikalia bega la mtu," Jasper akaongeza. "Alipopaa na yule msichana mgongoni..."

"...kwato zikapita hapa!" Mzee akaonyesha pua yake.

Sasa walikuwa wameshikana mikono kama watu wawili waliookoka kwenye meli moja iliyozama. Mzee machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu," akasema, "mchukue. Mchukue leo hii."

Lettice akaliweka birika mezani.

"Baba, kwenye oratorio hakuna anayeigiza. Waimbaji husimama tu na vitabu vyao, wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Na jana ukumbi mzima wasikilizaji tulikuwa wawili, mimi na shangazi. Shangazi alilala."

Jasper akamtazama Mzee. Mzee akatazama dari.

"Wewe binti," Mzee akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, "sharti langu ni sharti."

"Ndiyo, baba. Sitaolewa na mtu ambaye jana hakuwepo."

Mlango ukabishwa, mara nne, kwa mapigo yaliyopangika vizuri mno.

"Huyo ni mpiga ngoma wa oratorio ile," alisema Lettice. "Alikuwepo mwanzo hadi mwisho."