Kikohozi cha Saa Moja

Mtangazaji alikohoa tena, na Nasif akaiangusha sabuni kwenye beseni.

Alikuwa uani, povu hadi masikioni, akijitoa grisi ya kutwa nzima. Redio ilikuwa chumbani na mkewe Hasifa, mlango umerudishwa. Kila jioni hivyo hivyo. Mwanamke akisikia tu mumewe anajimwagia maji, huyo, chumbani na redio yake! Na kila jioni yule mtu wa redio husema mazungumzo ya amani yameahirishwa hadi wiki ijayo, kisha hukohoa. Kidogo tu, kama kijana anayepita dirishani kwa mchumba.

"Ni ishara," Nasif aliyaambia maji.

Hakuwa anaota. Mtangazaji alikuwa Dawudi, na Dawudi ndiye aliyetaka kumwoa Hasifa kabla yake. Siri ilimponyoka shangazi mtu siku ya harusi yenyewe, mdomo umejaa pilau: wazee walimkataa Dawudi kwa kuwa kifua chake kilikuwa kibovu. Nasif, mwenye kifua kama mlango wa lori, akapewa mke. Na sasa, hata mwaka haujaisha, kifua kibovu kinamkoholea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Habari zenyewe ni zipi za kufungiwa mlango?" alimuuliza Hasifa wakati wa chakula. "Waziri anataka wananchi wawe na subira. Jana subira, leo subira! Wakubwa wale wale, vita vile vile. Hata kuku wa uani angeweza kuzisoma."

"Mimi nazipenda," Hasifa alisema, akamwongezea mchuzi.

Nazipenda! Nasif akausukuma mchuzi kando. Hata betri, alikumbuka. Sukari ikiisha, Hasifa husubiri mpaka kesho. Betri zikiisha, dukani mbio, hata kanga haijakaa sawa. Na zile betri zilikuwa zinaliwa kama njugu.

Kesho yake alikuwa chini ya lori karibu na soko la Kikuubo, akifunga breki, Wamalwa alipochutama kumsalimu. Wamalwa alikuwa Mkenya wa Bungoma, muuza mabeseni, mtu wa utani asiyejua kunyamaza, na kisa cha Dawudi alikijua.

"Jana umesikia habari, ndugu yangu? Redio yangu ilikuwa inakwaruza tu. Mvua ile na radi, sikuambulia neno."

"Yetu ilikuwa safi kabisa," Nasif alijibu kwa uchungu. "Niulize mimi. Waziri kataka subira, mazungumzo yameahirishwa."

"Hayo hata bila redio ningekuambia!" Wamalwa akacheka. "Wale hawana jipya. Lakini wewe mbona umenuna? Mke ni wako, sauti ni ya serikali."

Kicheko kile kilimwingia Nasif kama msumari. Siku hiyo hakurudi nyumbani Mengo kuoga. Alitia spana kubwa ndani ya koti na kwenda moja kwa moja hadi kwenye lango la kituo cha redio. Dawudi angetoka baada ya taarifa ya saa moja, na angekohoa mbele ya mwanamume mwenzake.

Langoni alikuwapo askari mzee, Olanya, kiredio chake kikiwa juu ya goti.

"Wewe nataka nani?"

"Namngoja msoma habari. Nina neno naye."

"Ngoja basi. Ndiyo inaanza."

Kiredio kikasalimia wasikilizaji. Mheshimiwa Waziri amewataka wananchi wawe na subira. Mazungumzo ya amani yameahirishwa hadi wiki ijayo. Maneno yale yale, ila sauti ilikuwa ya mwanamke, na hakukohoa mtu.

"Kumbe Dawudi leo hana zamu?" Nasif aliuliza.

Olanya akavua kofia.

"Dawudi? Dawudi alishakufa, ndugu. Ile kifua yake. Sisi tulimzika Bombo, kabla ya Ramadhani."

"Mzee, acha mzaha. Jana tu nimemsikia."

"Jana?" Olanya alimwangalia macho, kisha akamnusa mdomo. "Enda nyumbani. Enda lala."

Nasif aliondoka bila kuaga. Mungu amsamehe, alifurahi! Alipanda mlima wa Mengo huku akipiga mluzi. Dawudi amekufa, na maiti hapokonyi mtu mke. Labda siku zote ameogopa sauti ya mtu mwingine, masikio yake yakachezewa na wivu. Alinunua hata ndizi za kuchoma, zile Hasifa alizozipenda, na njiani akapanga namna ya kumwomba radhi kwa kununa kwake kote.

Aliingia uani taratibu, ili amshtue. Beseni lilikuwa limejazwa maji, sabuni pembeni, taulo limekunjwa. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa kama kawaida, na nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamume.

"...yameahirishwa hadi wiki ijayo."

Kikohozi. Kidogo tu.

"Pole, mpenzi," Hasifa alisema.

Spana ilikuwa bado ndani ya koti, nzito. Nasif alisimama pale, ndizi zikimuunguza kiganja. Ndani, kitufe kikalia tak. Kanda ya kaseti ikarudi nyuma ikinung'unika, ikanyamaza, na marehemu akaanza upya:

"Wasikilizaji, hamjambo. Mheshimiwa Waziri amewataka wananchi wawe na subira."