Udongo wa Mwari

"Lakini somo, ngozi yangu kavu," Mwanaidi alilalamika. "Mimi ni wa kupakwa asali na maziwa. Udongo ni wa wenye nyuso za mafuta."

"Asali haikaushi mdomo," Bi Mize akajibu, akichota udongo bakulini. Huyo ndiye somo yake, kungwi aliyeletwa na shangazi kumpamba mwari, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko huruma yake. Alimsiliba paji la uso, mashavu, mpaka pembe za mdomo, kama mtu anayeziba nyufa za ukuta. "Sasa tulia. Ukisema, utapasuka, na mwari kupasuka uso ni mkosi."

"Mwenye kuhitaji udongo ni bwana harusi," Mwanaidi akawahi. "Makunyanzi yale!"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Udongo ulishaanza kumkaza ngozi.

Ndipo baba yake akabisha mlango. Shekhe wa kufungisha ndoa alikuwa barazani, akingoja jibu.

"Mwanangu, umeridhia kuolewa na Mzee Shaali?"

Wanawake wote wakamgeukia Mwanaidi. Mji ule wote ulijua kuwa kimya cha mwari ni ridhaa yake. Bi Mize akashika kipepeo cha ukili akampepea haraka haraka, udongo uzidi kukauka.

"Anaona haya," shangazi akasema mlangoni. "Si unasikia alivyonyamaza?"

"Nasikia," baba akasema. "Namuuliza tena, mara ya mwisho."

Kwenye pembe ya mdomo wa Mwanaidi ukatokea ufa, mwembamba kama unywele. Bi Mize akaacha kupepea. Ufa ukapanda shavuni.