Alama ya Chini Kulia

Programu ya tatu ilimpiga marehemu muhuri usoni.

Mpiga picha mstaafu alitazama kioo cha kompyuta, akafumba macho, akasema kwa sauti, "Niwie radhi, mama watoto." Kisha akaifuta ile picha. Tangu mkewe afariki miezi mitano iliyopita, maneno mengi ya nyumba hiyo yalikuwa yakisemwa namna hiyo na kuishia hewani.

Zilikuwa picha elfu mbili na mia nne, zote za familia. Alizipitisha kwenye skana moja moja, wiki baada ya wiki, kwenye chumba cha mbele kilichokuwa studio yake. Kesho asubuhi binti yake alikuwa anahamia nchi ya mbali pamoja na wanawe, na picha zilikuwa ziende naye. Angepita leo saa kumi na moja jioni kuzichukua. Picha itakayoondoka bila alama, ndiyo imeondoka.

Sasa ilikuwa saa nane mchana, na bado hajapata programu ya kuaminika. Alichotaka si kikubwa: izipunguze picha zote kwa mkupuo mmoja ili zienee kwenye flashi na zifunguke kwenye simu, halafu itie alama kila moja. Ya kwanza, ya bure, ilipunguza vizuri, ila alama yake ilikuwa ya maandishi tu. Ya pili ilikubali alama ya picha, lakini kwa kuwa ilikuwa ya kujaribia, nayo ikajiandika jina lake kubwa juu ya binti na wajukuu, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyowazaa. Ya tatu ndiyo hiyo ya muhuri usoni.

Akampigia fundi wa kompyuta, mama mwenye duka mtaa wa pili.

"Mzee, ni wewe tena? Miaka arobaini unapiga picha, leo zinakupiga wewe. Kweli mganga hajigangi."

Mzee alicheka. Sauti ya fundi ilikuwa ya kwanza kuisikia tangu asubuhi, na aliifurahia kuliko alivyopenda kukiri.

"Hii inaweka alama katikati, fundi. Tena kubwa mno."

"Sikia nikushauri. Watu huweka jina la studio, dogo, hafifu, pembeni. Mwizi anashindwa kuitumia na picha haiharibiki."

"Hafifu sitaki. Ionekane wazi. Na ukubwa wake uende na picha, ikiwa ndogo nayo iwe ndogo."

"Basi shusha ile ya nne niliyokutajia juzi. Ile inapima alama kwa asilimia. Utaiweka kona gani?"

"Chini kulia. Pako wazi kwenye picha zote."

"Zote elfu mbili? Mzee, acha utani."

"Mama watoto alikuwa na mazoea yake. Nikishika tu kamera, anawasogeza wote kushoto, yeye anasimama mwisho, halafu kulia kwake anaacha pengo. Nilikuwa namkemea, nikimwambia ananiharibia picha. Hakukoma."

"Basi alikuwekea mahali pa nembo yako."

"Aliniwekea," mzee akasema, akamshukuru haraka na kukata simu.

Programu ya nne ilikuwa bado inashuka binti yake alipopiga simu.

"Baba, bado tu? Nipe hivyo hivyo zilivyo."

"Namalizia, mama. Natia alama kidogo."

"Alama? Kwenye picha za mama? Baba, mimi si mteja wako. Yaani hata sisi unatupiga chapa kama ng'ombe?"

Alitaka kumweleza. Lakini mtu mzima naye ana haya zake. "Utaziona," akasema.

"Zenye muhuri sizitaki." Simu ikakatwa.

Alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Angeweza kumpa zilivyo, waagane kwa amani. Aliogopa sana. Asipokuwa na huyu binti hakuwa na mtu mwingine wa kumwita baba, na kuachwa kwa hasira ni kuachwa mara mbili. Lakini siku ya msiba baadhi ya picha hizi zilioneshwa ukutani kwa projekta, moja baada ya nyingine, na mjukuu wake akauliza swali ambalo watu wazima wote walijifanya hawakulisikia. Yeye alilisikia. Hakuwa amelala vizuri tangu siku hiyo.

Alichagua kona ya chini kulia, akaweka asilimia, akabofya kuanza. Namba zikaanza kupanda zenyewe.

Binti alifika saa kumi na moja kasoro. Hakuketi. Alimsalimia baba yake kwa adabu kavu, akachomeka flashi kwenye kompyuta ndogo aliyokuja nayo, akafungua picha ya kwanza huku maneno ya ugomvi yakiwa tayari mdomoni. Alikuwa anatafuta jina la studio.

Hakuliona. Akafungua ya pili, ya kumi, ya mia tano. Mama yake alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, kisha mama mwenye mtoto mgongoni, kisha bibi mwenye nywele nyeupe. Na kulia kwake, katika kila picha, bega kwa bega, alisimama baba yake, mzee yule yule wa miaka sabini, akitabasamu, ndani ya shati lile lile la buluu alilokuwa amelivaa sasa hivi. Ndipo binti akalikumbuka swali la mwanawe siku ya msiba: "Mbona babu hayumo?"